Oili nyuzi 62 na utando mweupe kwenye kifuniko: nirudishe kipozeo cha zamani?

*Swali:* Fundi, habari za kazi. Nina boti ya mwendo kasi yenye injini moja ya petroli, V8 ya lita 8.2, inayopozwa na maji ya bahari moja kwa moja. Msimu uliopita, nikiifungulia mwisho kwa muda mrefu, geji ya joto la oili ilikuwa inafika nyuzi 130. Nikaogopa. Nikatoa kipozeo cha oili kilichokuja na injini, nikafunga kingine kikubwa mara mbili. Sasa oili haivuki nyuzi 62 hata nikikimbia, na presha yake imepanda hadi inapendeza macho. Ila nikifungua kifuniko cha kujazia oili nakuta utando mweupe kama mtindi, na kijiti cha kupimia kinanukia petroli. Wenzangu wanasema oili baridi ndiyo oili nzuri, niache hivyo hivyo. Nirudishe kile cha zamani?

*Jibu:* Ndugu yangu, salama. Usiache hivyo, na kile cha zamani usikirudishe kabla hujakitazama ndani. Umeruka majivu ukakanyaga moto, na hayo majivu yenyewe hukuwahi kujua yalitoka wapi.

Nianze na wenzako, kwa sababu wanalosema nalisikia kila mara. Oili baridi si oili nzuri. Kila lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji. Mengi hutoka na moshi yakiwa mvuke, lakini sehemu ndogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kuteremka hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikifuatana na petroli isiyoungua. Injini yako inapozwa na maji ya bahari, kwa hiyo kuta za silinda ni baridi kuliko za gari, na unyevu huo unaongezeka. Oili ikiwa moto wa kutosha, maji na petroli hugeuka mvuke na kutoka kupitia mpira wa kupumulia. Kwa nyuzi 62 havitoki, vinabaki humo vikichanganyika na asidi zinazotokana na kuungua. Huo mtindi unaouona juu ni ishara tu. Kinachoumia kiko chini: beringi, lifta, kemu shafti, vyote vinaogeshwa kwa mchanganyiko unaoleta kutu.

Na hiyo presha inayokupendeza inakudanganya. Presha ni upinzani wa oili kupita kwenye nafasi nyembamba, basi. Chukua oili ya 20W-50. Kwenye nyuzi 100 uzito wake wa kutiririka ni karibu senti-stoksi 18 (namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi). Kwenye nyuzi 40 ni kama 160. Kwenye nyuzi 62 zako inabaki karibu na 60, yaani nzito zaidi ya mara tatu ya ilivyokusudiwa kufanya kazi. Pampu inasukuma kitu kama asali: sindano inapanda, lakini oili inayofika kwenye beringi inapungua. Oili nzito namna hiyo pia inaweza kufungua valvu ya pembeni ya filta, ikapita bila kuchujwa. Kwa hiyo una presha nzuri ya oili chafu.

Tugeuze upande. Kwenye nyuzi 130, oili hiyo hiyo ya 20W-50 inashuka hadi karibu na 9, sawa na oili ya SAE 30 nyepesi ikiwa nyuzi 100. Injini haivunjiki papo hapo, lakini akiba yako ya unene imekwisha, na oili yenyewe inazeeka haraka: kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya kuoza kwa oili huwa karibu maradufu. Ninachotaka kuona kwenye sampu ya injini kama yako ni nyuzi 90 hadi 110 ukiwa kwenye mwendo wa kawaida. Ikigusa 120 ukiwa umeifungulia kwa dakika kadhaa, na oili ni sintetiki nzuri, sina neno. Ikifika 130 unapunguza mwendo na kutafuta sababu. Ulifanya vizuri kuogopa. Kosa lako ni kununua kipozeo kabla ya kutafuta sababu.

Boti si gari, na hapa ndipo wengi wanaotoka kwenye magari wanapotea. Gari likiwa barabarani linatumia sehemu ndogo ya nguvu zake. Boti inasukuma maji muda wote, ni kama gari linalopanda mlima usio na kilele. Pistoni zinapozwa kwa chini na oili, krenki shafti inachemsha oili, springi za valvu zinachemsha oili. Upande wa pili, boti ina kitu ambacho gari halina: bahari nzima ya kupozea. Sasa sikiliza vizuri. Maji ya bahari hupita kwenye kipozeo cha oili *kabla* ya kufika kwenye thermostati ya injini. Thermostati inachunga joto la maji ndani ya bloku tu. Oili haichungwi na mtu. Inachungwa na joto la bahari siku hiyo na ukubwa wa kipozeo ulichofunga. Ukifunga kikubwa mara mbili, umechagua baridi kwa kila mwendo ili kupata nafuu kwenye mwendo mmoja tu wa juu.

Kabla ya kushika spana, niambie sensa ya geji iko wapi. Hukusema, na ni jambo kubwa. Ikiwa kwenye sampu, inakuonyesha joto la oili inayokaribia kuvutwa na pampu. Ikiwa kwenye paipu linalotoka injini kwenda kwenye kipozeo, pia nitaiamini. Ikiwa kwenye paipu la kurudi, baada ya kipozeo, inakuonyesha kazi ya kipozeo na si hali ya injini, na tofauti ya hapo inaweza kuwa nyuzi 20 au zaidi. Watu wawili wenye injini sawa wanaweza kubishana hadi usiku kwa sababu sensa zao ziko sehemu tofauti. Sensa yenyewe ijaribu: itoe, iache imeungwa na waya wake na mwili wake uungwe na hasi ya betri, uitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Ukiwa usawa wa bahari geji inatakiwa isome 100. Nimekuta geji zilizokosea kwa nyuzi 15, zote mpya. Kama una kipima joto cha infraredi, paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa ubavuni mwa sampu na upime hapo. Ukipima kwenye chuma kinachong'aa kitakupa namba ya uongo.

Sasa huo utando mweupe. Uwezekano mkubwa ni unyevu wa oili baridi, lakini usikubali haraka, kwa sababu kipozeo kilichotoboka ndani kinaleta dalili inayofanana. Boti ikiwa imelala usiku mzima bila kuguswa, fungua nati ya sampu taratibu, au tumia pampu ya kunyonyea oili mpira wake ukiwa umegusa chini kabisa, na uchukue kikombe cha kwanza peke yake. Maji ni mazito kuliko oili, yatakuwa yameshuka chini. Kama yametoka maji yanayoonekana, weka matone machache kwenye kipande cha kioo safi na uache yakauke juani. Maji ya mvuke hayaachi kitu zaidi ya alama ya mafuta. Maji ya bahari yanaacha punje nyeupe za chumvi. Ukiona chumvi, acha kila kitu kingine: una tundu kwenye kipozeo, kwenye manifoldi ya eksozi au kwenye gasketi, na injini haiwashwi tena hadi lipatikane. Usidanganyike kwamba injini ikiwa inafanya kazi presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo maji hayawezi kuingia. Ni kweli wakati huo oili ndiyo inatoka, na utaona rangi rangi zinaelea nyuma ya boti. Ukizima, presha ya oili inashuka hadi sifuri na maji yaliyobaki kwenye kipozeo yanatafuta njia.

Tuchukulie hakuna chumvi. Kitafute kile kipozeo cha zamani ulikokitupa. Chomoa mipira ya maji kwenye ncha zote mbili, umulike kwa tochi upande ule maji yalikokuwa yanaingilia.

Nakumbuka boti moja iliyoletwa kwangu na malalamiko kama yako ya mwanzo. Maji ya injini yalikuwa sawa kabisa, ila oili ilikuwa inapanda kila ikikimbia. Nilipotoa mpira wa kipozeo nilikuta kifungu cha mwani kimekaza kama kamba, nyuma yake vipande vya ganda la chaza, na katikati yao mabawa matatu ya impela (kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ndani ya pampu), mpira mweusi, yamepangana juu ya mirija kama vigae. Zaidi ya nusu ya mirija ilikuwa imezibwa. Mwenyewe alikuwa amebadilisha impela mara mbili. Hakuwahi kujiuliza mabawa yaliyokatika yalikwenda wapi. Yalikwenda pale, kwa sababu kipozeo cha oili ndicho kizuizi cha kwanza chenye matundu madogo baada ya pampu ya maji. Ukibadilisha impela, hesabu mabawa ya ile ya zamani. Yakipungua, usifunge injini hadi uyapate.

Na ndiyo maana geji ya maji haikukuambia kitu. Maji yakipungua kidogo, thermostati inafunguka zaidi na joto la bloku linabaki pale pale. Oili haina wa kuichunga, kwa hiyo inakuwa ya kwanza kulalamika.

Kama mirija ni safi, fuata maji kinyumenyume. Tundu la kuvutia maji kwenye mguu wa propela linaweza kuwa linameza hewa boti ikiinuka kwa kasi, hasa kama mtu aliinua mguu huo ili kupata mwendo zaidi. Hilo linaonekana kwa geji ya presha ya maji: oili inapanda *wakati huo huo* sindano ya presha ya maji inashuka au inatetemeka. Kama presha kabla ya kipozeo ni kubwa na baada yake ni ndogo, kimeziba. Geji mbili ndogo kwa siku moja zitakuambia zaidi ya ubishi wa mwezi.

Usisahau pia kimo cha oili. Injini ya boti imelala kwa pembe, na pembe ikiwa majini si sawa na ikiwa juu ya trela. Kijiti kinachosoma sawasawa nchi kavu kinaweza kumaanisha umezidisha ukiwa majini. Oili ikizidi, krenki shafti inaipiga kama mwiko, inatoa povu, na povu linapanda joto. Nimeona nyuzi kumi zikipotea kwa kupunguza oili iliyozidi tu, bila kununua chochote.

Sasa suluhisho. Kipozeo kikubwa kiache, kama hakina kosa, na uongeze thermostati ya oili. Ni kidude chenye matundu manne ya paipu, kinachokaa kati ya injini na kipozeo. Ndani kuna nta inayopanuka kwa joto. Oili ikiwa baridi, kinairudisha moja kwa moja kwenye injini na kuruhusu sehemu ndogo tu kupita kwenye kipozeo, ili kipozeo kisijae hewa na kisimwage oili baridi ghafla njia inapofunguka. Chagua kinachoanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi na kumaliza kwenye 93 au karibu na hapo. Angalia mishale iliyochongwa juu yake kabla hujakaza nati. Nimekuta imefungwa kinyume na mtu akailaumu kwamba ni mbovu. Paipu zisiwe nyembamba: chini ya milimita 16 ya ndani siipendi kwa injini ya ukubwa huo, na kona kali za nyuzi 90 ziwe chache iwezekanavyo.

Kuna watakaokushauri ufunge bomba la mkono upande wa maji, ulifunge kidogo ili oili ipate joto. Kitaalamu linafanya kazi. Mimi silipendi. Maji ya bahari yakienda polepole kwenye mirija yenye oili ya nyuzi 110 yanaacha chumvi na chokaa humo humo, na siku moja mtu mwingine ataendesha boti bila kujua bomba lile ni la nini. Bomba la mkono upande wa oili sitalijadili kabisa. Mkono mmoja kuligusa vibaya na injini imekufa. Wala usibadilishe thermostati ya maji kuweka ya nyuzi za juu zaidi ili upashe oili. Injini inayopozwa na maji ya chumvi moja kwa moja huwekewa thermostati ya takriban nyuzi 60 makusudi, kwa sababu juu zaidi ya hapo chumvi inaanza kuganda kwenye njia za bloku. Wenye mfumo wa kufungwa, maji baridi ndani na ya bahari nje, wana nafasi ya kufika nyuzi 71 au zaidi. Wewe huna.

Ukishafunga, pima. Weka vipima joto sehemu nne: oili kuingia na kutoka kwenye kipozeo, maji kuingia na kutoka. Nikupe hesabu ya kulinganisha. Tuseme lita 40 za oili zinapita kwa dakika na zinashuka nyuzi 20. Hiyo ni karibu kilowati 23 zinazotolewa, kama birika kumi na moja za umeme zikichemsha kwa pamoja. Maji ya lita 60 kwa dakika yakibeba joto hilo yanapanda nyuzi 5 au 6 tu. Kwa hiyo usishangae mpira wa maji ukiwa karibu baridi mkononi huku kazi kubwa ikifanyika. Kama maji yamepanda nyuzi 20, si kwamba kipozeo kina nguvu sana. Maji ni machache. Na kama oili inaingia 120 na kutoka 116, ama maji hayapiti, ama mirija imepakwa uchafu ndani.

Oili iliyomo sasa imwage leo, pamoja na filta. Imebeba maji na petroli, haifai hata kwa kujaribia. Ile filta usiitupe: ikate kwa mkasi wa bati, utandaze karatasi yake kwenye gazeti, na uangalie chini ya mwanga. Vumbi jeusi ni kawaida. Chenga zinazong'aa kama unga wa fedha au zenye rangi ya shaba ni beringi, na hapo mazungumzo yetu yatabadilika. Weka oili iliyotengenezwa kwa injini za majini za viharusi vinne, yenye alama ya FC-W na unene anaoutaja mtengenezaji wa injini yako. Ina viungo vya kuzuia kutu ambavyo oili ya gari haina kwa kiwango hicho. Ukiwa hapo hapo badilisha na anodi ya zinki ya kipozeo (kipande kinacholiwa na kutu badala ya kipozeo), kama kina moja. Na kama injini iliwahi kuvunjika beringi kabla hujainunua, kile kipozeo cha zamani kitupe hata kikiwa cheupe kwa nje. Chenga za chuma zilizojificha kwenye mirija hazioshwi zikaisha.

Namna ya kuendesha nayo ina sehemu yake. Usiiache injini inguruma nusu saa gatini ukisema unaipasha. Bila mzigo oili haipati joto la maana na petroli inazidi kuteremka. Toka polepole, uiache boti isukume maji kwa mwendo mdogo, na usiifungulie hadi oili ipite nyuzi 65. Ukirudi kutoka kwenye mbio, dakika tano za mwisho ziwe za taratibu. Boti ikizimwa, pampu ya maji inasimama papo hapo, na joto lote la pistoni na eksozi linaishia kwenye oili iliyotulia.

Siku ya kujaribu nenda na mtu wa kuandika namba wakati wewe unashika usukani. Mizunguko 2,500 kwa dakika, kisha 3,500, kisha mwisho, dakika kumi kwa kila mwendo, ila ule wa mwisho uukatize oili ikigusa 125. Niletee joto nne za kipozeo, presha ya oili na presha ya maji kwa kila mwendo. Ukiona oili inaingia kwenye kipozeo nyuzi 105 na kutoka 85, na utando mweupe ukatoweka baada ya safari mbili tatu, fungasha vifaa. Ikigoma kuvuka 75, ama thermostati imefungwa kinyume ama imekwama wazi, na hapo anza na ile mishale.